Hodhi la Tatu

Mama mkwe wangu hakuwahi kumpa mgeni maji machafu, na hilo ndilo lililotumaliza.

Simchukii, ingawa zipo asubuhi nilizomchukia, tena sana. Mimi nina mdomo, mtaa mzima unajua. Nikikasirika nasikika mpaka ng'ambo ya mto. Yeye ana sauti ndogo na shingo ngumu. Tumeishi nyumba moja tangu nilipoolewa na mwanawe, tukafua pamoja kila siku ya kazi, na katika miaka yote hiyo nilimshinda ugomvi mmoja tu, wa mahali pa kuanika soksi.

Kazi yetu ni udobi. Hospitali ya mji ilikuwa na mashine zake za kufulia, zikafa moja baada ya nyingine, na ilipokufa ya mwisho wakamletea yeye mashuka. Hakuna aliyedhani mwanamke mmoja na banda la bati angeweza kufua mashuka ya hospitali nzima. Aliweza. Yalirudi wodini meupe mpaka wauguzi wakambatiza jina, Bi Nyeupe, na lile alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Hata mume wangu, mwanawe wa kuzaa, akiwa na masihara humwita hivyo: "Bi Nyeupe, chakula kiko tayari?" Naye hujifanya kakasirika.

Kumridhisha matroni wa hospitali si kazi ndogo. Kila mzigo ukifika hulitandaza shuka moja moja dirishani na kulikagua kwenye mwanga kama mtu anayenunua almasi. "Mgonjwa akiona doa," alituambia mara ya kwanza, "haulizi limetoka wapi. Anajua kuna mtu kafia hapo." Shuka likiwa na doa linarudi. Mzigo ukirudi mara nyingi, kazi inakwenda kwa dobi mwingine. Matroni hakulificha hilo, na hatukumlaumu.

Banda letu liko mtoni, mahali ukingo unapoteremka taratibu. Zamani tulichota maji mtoni na kufulia hapo hapo, basi. Halafu huko juu, katika wilaya ya jirani, kikafunguliwa kiwanda cha nguo, na mto ukaanza kuja na rangi. Siku wakitia buluu, mto buluu. Siku ya wekundu ungedhani nchi nzima imechinja. Nguo nyeupe ukiichovya inatoka na rangirangi kama nguo ya mwanasesere. Watu wa bustani waliokuwa chini yetu walihama wa kwanza, wakafuata wa matofali. Sisi tulibaki kwa sababu ya akili ya mama mkwe.

Alijenga mahodhi matatu ya saruji, moja juu ya jingine kwenye mteremko. Pampu inavuta maji ya mto na kuyaingiza hodhi la kwanza. Humo anatia jiwe la shabu, analizungusha kwa mkono huku midomo ikimchezacheza, kisha maji yanaachwa yatulie mpaka uchafu ujikusanye chini kama uji ulioganda. Yanashuka hodhi la pili, kwenye mchanga na mkaa uliopondwa. Yakifika hodhi la tatu unaweza kuhesabu nyufa za sakafu. Hayo ndiyo tuliyofulia, ndiyo tuliyopikia, ndiyo tuliyoogeshea watoto.

Na siri hiyo haikutoka nje ya banda. Hapa lazima nieleze jambo la madobi, maana bila hilo huwezi kuelewa tulivyoangamia. Dobi hataji dawa yake. Mmoja ana majivu ya mti fulani, mwingine ana ndimu, mwingine anajua yeye na Mungu wake, lakini ukimuuliza yeyote atakujibu neno moja lile lile: "Ni maji na mkono tu." Ndivyo mwalimu wake alivyojibu, ndivyo atakavyojibu mwanafunzi wake. Kutaja dawa ni kuvua nguo barabarani. Mimi mwenyewe, mke wa mwanawe, sikuonyeshwa shabu mpaka nilipojifungua mtoto wa pili. Mpaka hapo alikuwa akinituma dukani kila anapotaka kulizungusha.

Basi, kiwanda kikataka kukua. Walitaka karakana ya pili ya kutia rangi, kubwa kuliko ya kwanza, ivute maji zaidi na kurudisha uchafu zaidi. Mto huo ni wa wilaya tatu, kwa hiyo ruhusa haikuwa ya wilaya moja. Ilibidi itoke kwa Bodi ya Bonde, ambamo wilaya zote zina viti. Ilikuwa imetoka sera mpya ya maji, na Bodi ikapita mtaa kwa mtaa kuieleza. Tulikusanyika kwenye ukumbi wa shule, tukakalia madawati ya watoto, magoti yakatugonga videvu.

Sera yenyewe, nilivyoielewa, ilikuwa hivi. Maji yatapimwa mahali watu wanapoyatumia, si penginepo, katika vituo vilivyokubaliwa na pande zote. Yakikutwa hayafai, kiwanda hakipati karakana ya pili mpaka kwanza kijenge mtambo wa kusafisha maji taka yake. Yakikutwa yanafaa, kinapewa ruhusa. Mwenyekiti wa Bodi, mzee mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alirudia mara mbili: "Tunataka kumtazama mwananchi, siyo kuutazama mto." Tulipiga makofi. Ilisikika vizuri. Nani asiyetaka kutazamwa?

Nikasimama nikasema waje kupima kwetu, bandani. Nani anatumia maji kuliko dobi? Wakakubali. Wakatuwekea kibao cha bati chenye namba na maandishi ya rangi nyeupe: Kituo cha Kupimia Maji. Mume wangu alikifuta vumbi kila jioni, utadhani ni picha ya harusi.

Nyumbani nikawakalisha wote nikasema: wiki ya upimaji hakuna shabu. Hakuna mkaa, hakuna mchanga. Maji ya mto yapite mahodhi yote kama yanavyokuja, waje wachote uchafu wao wenyewe waupeleke maabara. Mashuka yatasubiri. Mume wangu akasema sawa. Mama mkwe hakusema kitu, alikuwa akikunja foronya. Nikachukua kunyamaza kwake kuwa ni kukubali. Mimi! Niliyeishi naye miaka yote ile.

Siku ya siku nikaenda kuwapokea wageni barabara kuu, kwa sababu njia ya kwetu inawapoteza watu. Walikuwa wawili. Mmoja ni mtaalamu wa maji wa Bodi, binti mwembamba mwenye mabuti ya mpira na sanduku la barafu lililojaa chupa tupu. Mwingine ni meneja kutoka kiwandani, kwa kuwa sera ilisema mlalamikiwa awepo. Alikuwa na adabu, shati limenyooshwa vizuri. Kwa jicho la kazi niliona amelinyoosha mtu anayejua. Njiani tulipita kandokando ya mto. Siku hiyo ulikuwa wa zambarau. Binti akautazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nilijisemea, leo ndiyo leo.

Tukafika bandani.

Uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka alama za fagio zinaonekana. Viti vyetu vilikuwa nje, vimefunikwa vitambaa vyeupe. Mama mkwe amevaa gauni lake la kwendea kwenye shughuli, amesimama pembeni ya hodhi la tatu, na hodhi la tatu lilikuwa linang'aa. Maji yake yalikuwa yametulia, safi, unaona mpaka sarafu iliyoanguka humo mwaka juzi. Mama mkwe alikuwa ameamka kabla yetu sote, kama kawaida yake, na sikuwa nimesikia hata ndoo.

"Karibuni, wanangu," akasema. "Karibuni sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mtaalamu akapiga magoti karibu na hodhi. Hakuchota mara moja. Alilinusa, akatumbukiza kidole, akageuka kuutazama mto ulivyo, kisha akageukia hodhi tena. Hakuwa mjinga, yule binti, nataka hilo lieleweke.

"Mama," akauliza kwa upole, "haya ni maji ya mto huu huu?"

"Huu huu. Tuna mwingine?"

"Mmetia dawa yoyote?"

"Ni maji na mkono tu," akajibu mama mkwe.

Nilipayuka. "Mwongo! Anatia shabu! Kuna shabu hodhi la kwanza, kuna mkaa hodhi la pili! Mama, waambie!"

Alinikata jicho ambalo sitalisahau. Mwanamke aliyenishika mikono nilipokuwa najifungua, nimemwita mwongo mbele ya watu aliowafagilia uwanja. Akageuka, akamwambia mtaalamu kwa sauti ile ile ndogo: "Mkamwana wangu amechoka, mwanangu. Usimsikilize. Hapa hatutii kitu. Miaka yote ni maji na mkono tu."

Meneja alikohoa kidogo. "Nafikiri mwenye kituo ameshasema," akasema.

Nikachukua ndoo, nikateremka mpaka mtoni nikachota, nikaipandisha huku yananimwagikia, nikaibwaga mbele ya mabuti ya binti. Zambarau tupu. "Pima haya basi! Pima haya!"

"Dada," akasema, na nikaona anaumia, "ingekuwa hiari yangu ningepima hayo. Waraka unasema kwenye kituo, pale mnapotumia. Mnafulia nini, haya au yale?"

Ningejibu nini? Tunafulia yale. Tunapikia yale. Ningesema tunafulia zambarau, angetaka kuona shuka moja la zambarau, na kwetu halikuwapo hata moja.

"Nitaandika maoni yangu pembeni," akasema. Akajaza chupa zake kwenye hodhi la tatu, akazipanga barafuni. Mama mkwe akawakaribisha chai. Meneja akanywa, akasifu.

Walipoondoka nilimwendea kama simba. Mume wangu alijaribu kunishika mkono, nikamsukuma huko.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimepokea wageni."

"Nilisema tuache! Nilisema yaje kama yalivyo! Umewapa kiwanda karakana bure, kwa mikono yako, na chai juu!"

Hakupandisha sauti. Alikuwa anakunja vitambaa vya viti. "Wewe ulitaka iandikwe kwenye karatasi ya serikali kwamba maji ya Bi Nyeupe ni machafu. Karatasi hiyo inasomwa na nani? Yule meneja hana mdomo? Kesho yake matroni angeuliza, kumbe mashuka ya wagonjwa wangu yanafuliwa kwenye sumu? Ungemjibu nini, mwanangu? Ungemwambia tunayasafisha kwanza? Na karatasi inasema hayafai?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Katika hasira zangu zote, katika kupanga kwangu kote, sikuwa nimeona kwamba ili kiwanda kishindwe ilitupasa sisi kwanza tuvuliwe nguo mbele ya mji. Yeye aliliona tangu siku ya kwanza, akalibeba peke yake, akaamua. Na bado alikosea. Ndiyo maana sijui nimlaumu vipi. Ukitaka kumlaumu mtu sawasawa, awe hana sababu.

"Mficha uchi hazai, Mama," nikamwambia tu.

"Na mwenye kuuanika haolewi," akajibu. Hata siku hiyo hakukosa la kusema.

Matokeo yalisomwa ukumbini kwenye madawati yale yale. Tulikwenda sote watatu. Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma vituo kimoja kimoja, na vingi vilikuwa na matokeo ya katikati, hiki kimepita kwa shida, kile kina kasoro. Alipofika kwetu alitabasamu. Kituo cha dobi kimekuwa cha kwanza katika bonde lote. Maji yake ni safi kuliko ya chemchemi ya mlimani. Hii, alisema, ni habari njema inayoonyesha kwamba maendeleo na mazingira vinaweza kukaa chungu kimoja. Kwa wastani bonde limefaulu, na kiwanda kimepewa ruhusa. Akaomba mama mwenyewe asimame tumwone.

Mama mkwe akasimama. Ukumbi ukampigia makofi. Mtaalamu alikuwa amekaa nyuma ya mwenyekiti, anatazama mapaja yake. Nilinyanyua mkono nikauliza yale maoni ya pembeni yako wapi. Mwenyekiti akaniambia kwa sauti yake ya kubembeleza kwamba maoni ni maoni na matokeo ni matokeo. Nilisema mengine pia, kwa kelele, mpaka watu wakaanza kucheka na mume wangu akanivuta nikakaa. Mama mkwe alikuwa bado amesimama. Alikuwa na tabasamu, na tabasamu hilo lilikuwa linatetemeka. Nadhani ndipo alipoelewa. Hakukaa mpaka mtu wa nyuma alipomgusa bega.

Karakana ya pili ilijengwa haraka kuliko ilivyowahi kujengwa shule. Ilipoanza kazi, mto haukuwa tena wa buluu siku hii na mwekundu siku ile. Ulikuwa rangi zote kwa pamoja, mweusi mweusi kama maji ya kuoshea masufuria ya matanga, na mvuke juu yake asubuhi. Mama mkwe akaongeza shabu. Akaongeza tena. Tulibadilisha mchanga mara kwa mara mpaka mume wangu akapinda mgongo kwa kubeba. Hodhi la kwanza lilikula shabu kama mgonjwa anayekula bila kunenepa. Maji yalifika hodhi la tatu na ukungu wa kijivu, na ukungu ule ukaingia kwenye mashuka ukakataa kutoka. Tulisugua mpaka vidole vikachubuka. Tulifua usiku tukadhani asubuhi yatakuwa yamekauka meupe. Yalikauka kijivu.

Matroni alirudisha mzigo wa kwanza, akarudisha wa pili. Siku ya mwisho alikuja mwenyewe, kwa miguu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alikaa kwenye kiti chetu kile cha wageni.

"Bi Nyeupe," akasema, "nakupenda kama mama yangu. Lakini nina wodi ya wazazi. Siwezi kumlaza mtoto mchanga kwenye hili."

"Najua, mwanangu."

"Nimesubiri kadiri nilivyoweza."

"Najua. Umenistahi sana."

Wakashikana mikono muda mrefu, wanawake wawili waliobishana juu ya weupe maisha yao yote. Mashuka yakaenda kwa kampuni ya mashine, mjini, wanaofua kwa maji ya bomba. Pampu yetu tukaizima. Mume wangu alizunguka kutafuta kazi mpaka viatu vikaisha soli, na kazi aliyoipata, mnaweza kuikisia, ni karakana ya pili. Anachanganya rangi. Chakula cha watoto wangu kinatoka kwenye rangi ile. Akirudi jioni anakaa nje kwanza, hataki mama yake amwone mikono kabla hajaiosha, na akiiosha haitakati.

Ndipo mama mkwe alipoanza kuzungumza.

Asubuhi moja alivaa gauni la shughuli, akatia jiwe la shabu kwenye mkoba, akaniambia nimsindikize ofisi za Bodi. Pale mapokezi alilitoa, akaliweka mezani. "Ilikuwa hii," akamwambia msichana wa mapokezi. "Siku ile nilipoulizwa nilisema hakuna kitu. Nilisema uongo. Nilitia hii hodhi la kwanza, hodhi la pili nikatia mkaa." Akaeleza yote: kiasi gani, unazungusha vipi, unasubiri mpaka lini. Msichana alisikiliza kwa heshima, akasema mwenyekiti yuko safari. Akamweleza mlinzi wa getini. Akamweleza mhasibu aliyepita na chai yake. Tulirudi juma lililofuata, na lililofuata tena. Siri aliyoilinda tangu ujana wake, aliyoninyima hata mimi, alikuwa sasa anaigawa bure kwenye korido, na hapakuwa na mtu wa kuipokea. Nilisimama nyuma yake na mdomo wangu wote, nimemshikia mkoba wake. Ningependa kuwaambia nililia huko njiani, lakini nililia pale pale koridoni, mbele ya watu.

Mwishowe karani mmoja akamhurumia. "Bibi, matokeo yakishatoka hayabadilishwi. Lakini vituo vinapimwa tena. Subirini upimaji ujao. Yakikutwa machafu safari hii, ruhusa inaweza kuangaliwa upya."

Neno hilo lilimfufua. Alirudi nyumbani anatembea haraka kuliko mimi. Akaamuru hodhi la tatu lisiguswe. Pampu iwashwe mara moja moja tu, ili maji ya mto yawemo humo yakisubiri, meusi, na povu lake. Sasa tulikuwa na uchafu wetu tayari, mbele ya kibao chetu, na hapakuwa na mashuka ya kulinda wala matroni wa kumwogopa. Kila asubuhi alikwenda kuyatazama. "Bado mabaya," aliniambia akirudi, na kusema kweli alikuwa na furaha. Mimi pia nilikuwa nayo. Ukinyimwa vyote unashangilia hata ubaya, mradi uonekane.

Na mtaalamu akaja. Gari la Bodi lilisimama juu ya mteremko, akateremka yule yule binti na mabuti yale yale. Mama mkwe alimkimbilia, mwanamke wa umri ule, akamshika mkono.

"Njoo uone, mwanangu. Safari hii sijatia kitu. Naapa. Muulize mkamwana wangu."

"Hajatia kitu," nikasema.

Binti hakutazama hodhi. Alikuwa anatazama kibao.

"Mama," akasema, "nimeambiwa mmefunga kazi."

"Ndiyo, tumefunga. Utafulia nini humo?"

"Basi hapa si mahali pa matumizi tena. Kituo ni pale watu wanapotumia maji. Pasipotumiwa hapapimwi." Alisema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Kimeshaondolewa kwenye orodha. Nimekuja kuchukua kibao tu."

Nilisubiri hasira yangu ije, maana haijawahi kunikosa, nikaona haiji.

Mama mkwe aliingia ndani. Akatoka na shuka, la kitandani kwake, lenye joto bado kwa maana alikuwa ametoka kulilalia. Jeupe. La mwisho jeupe katika nyumba ile. Alipandisha gauni mpaka magotini, akaingia ndani ya hodhi la tatu, akalizamisha shuka kwenye maji yale meusi, akaanza kufua.

"Tunatumia," akasema. "Andika, mwanangu. Si unaona? Tunatumia."

"Mama, toka humo. Yatakuchubua."

"Chota basi. Chota nikiwa humu humu."

"Sina chupa, mama." Binti alimwonyesha mikono mitupu. "Leo sikupewa chupa."

Mama mkwe aliendelea kusugua, kwa ule mpangilio wake, pindo kwanza, kisha katikati, kisha pindo la pili, hakuruka hata sehemu. Shuka lilikuwa limeshakuwa kama kitu kilichotolewa kwenye moto. Alipomaliza alinyanyua upande mmoja akaninyooshea.

"Shika tukamue," akaniambia.

Nikavua viatu, nikaingia, nikashika upande wangu. Tukasokota, yeye kulia na mimi kushoto, mpaka maji yote yakatoka. Dereva alipiga honi kule juu, akapiga tena. Binti alikuwa amekwishang'oa kibao, amekikumbatia kifuani, na hakuwa anaondoka.

"Waambie umetukuta tunafua," mama mkwe akamwambia, na akalizamisha shuka upya.